Bendi kongwe zitapiga zilipendwa mpaka lini?

Mdau wa Chang'ombe

Wadau, salaam. Mada ya leo si nani mkali kati ya bendi zetu mbili za dansi, Msondo na Sikinde, kwa hiyo wenye jezi zao wazivue mlangoni.

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye bonanza la bendi moja ya wakongwe hapa Dar. Jina naliweka kando, maana ingeweza kuwa yoyote. Kiingilio kinywaji chako. Tangu saa kumi jioni hadi wanafunga vyombo, karibu kila wimbo uliopigwa mtunzi wake ama ni marehemu, ama aliihama bendi zamani hizo hata Radio One haijaanza kurusha matangazo. Walipiga vizuri, hilo sikatai. Mpiga solo ana mkono mwepesi, na tarumbeta zilipoingia kwenye chemko, ile sehemu ya mwisho ya wimbo inayochangamka, kina mama wa meza ya mbele waliinuka wote bila kuambizana.

Kwenye saa mbili hivi mwimbaji kijana akashika maiki: "Sasa tunawaletea utunzi wetu mpya." Kumbe ukumbi mzima ulikuwa umebanwa na haja! Waliobaki vitini wakafungua simu. Ubeti wa pili haujaisha, jamaa mmoja wa baraghashia akapanda jukwaani, akambandika kijana noti ya elfu kumi kwenye paji la uso, kisha akamnong'oneza kiongozi wa bendi. Kiongozi akawapa ishara wapiga gitaa, wimbo mpya ukakatwa palepale, ikaingia ya marehemu Marijani Rajabu. Shangwe. Na yule kijana aliiimba ya Marijani barabara, noti ikiwa bado imemganda usoni.

Watu husema zilipendwa zinaua bendi. Mimi nasema zilipendwa hazina kosa. Orodha ya nyimbo inapangwa na noti zetu, na noti zetu hazijawahi kuomba wimbo mpya.

Msondo ya leo ni ileile NUTA Jazz ya 1964, iliyokuja kuwa JUWATA, kisha OTTU. Mwaka 1978 Muhidin Gurumo alitoka JUWATA akaenda na wenzake kuanzisha Mlimani Park. Unadhani wangethubutu kusimama pale wakapiga nyimbo za kule walikotoka? Wangezomewa. Walitunga, wakabuni mtindo wao, Sikinde, na ndani ya muda mfupi nchi nzima ilikuwa inawajua kwa nyimbo ambazo mwaka uliotangulia hazikuwepo. Mwaka 1985 Gurumo, Bitchuka na wenzao wakahama tena kwenda Safari Sound, wakaja na mtindo wa Ndekule, na tungo nyingine kabisa. Kuhama kulikuwa kunazaa nyimbo. Siku hizi mwanamuziki akihama anahama na kumbukumbu ya nyimbo zilezile, bendi anayoikuta inazijua tayari, mazoezi ya nini?

Pendekezo langu: kila bendi kongwe ipige nyimbo zake mpya pale ukumbi umejaa, si saa ya kufungua wala saa ya kufunga, na noti ya kukatisha wimbo isipokelewe. Mnasemaje?

Mla Chipsi Mayai

Mleta mada ni Sikinde huyo, jezi imechungulia kwenye aya ya tano.

Mzee wa Pambamoto

Kijana wangu, umeandika vizuri ila umemkosea adabu yule mwenye noti. Mtu ametoka zake Kitunda, amekatisha foleni, amenunua bia kwa bei ya ukumbi, amekuja kusikia wimbo aliochumbia nao. Wewe unataka umwekee darasa?

Nyimbo mpya zipo, nimezisikia. Hazina kisa. Ubeti wa kwanza nakupenda, wa pili umeniacha, halafu kiitikio kinataja majina ya wafadhili mpaka chemko inaisha. Marijani alikupa kisa chenye mwanzo na mwisho, ukikaa ukakisikiliza unamjua mtu fulani mtaani kwako. Hemed Maneti alipokuwa Vijana Jazz, maneno yake yalikuwa yanajadiliwa kijiweni asubuhi yake. Tx Moshi William mpaka anafariki 2006 alikuwa anatunga, na watu walikuwa wanasubiri ametunga nini safari hii. Huyo hakuhitaji sheria ya kulinda wimbo mpya usikatishwe. Nani angethubutu kuukatisha?

Leteni tungo, noti zitakuja zenyewe.

Dogo wa Mbagala

Wakubwa shikamooni. Mimi ni kizazi cha singeli, niliingia ukumbi wa dansi mara moja tu, bi mkubwa alikuwa na sherehe ya wenzake wa kazini. Chemko ilinipata, sidanganyi. Zile gitaa tatu zinavyojibizana hakuna kompyuta inafanya vile.

Ila nilijiona kama nimeingia kwenye picha za harusi ya watu wengine. Kila wimbo watu wanaangaliana wanacheka, wana kumbukumbu zao, mimi sina hata moja. Huku kwetu emsii akitunga leo, kesho kutwa anaujaribu kwenye kigodoro, ukibuma anatupa, ukikubali mtaa mzima unao. Hakuna mtu anamwambia piga ule wa zamani. Na si kwamba hatuthaminiki: mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso, na baada ya hapo madijei na maemsii wa singeli wakaanza kuitwa matamasha ya Ulaya. Wameitwa na ngoma mpya, si zilipendwa.

Mpiga Besi Mstaafu

Nimekaa kimya nikaona nichangie, maana nimelishika gitaa hilo miaka mingi na mleta mada ameligusa jambo upande mmoja tu.

Mnaongea kama vile zamani watu walikuwa na akili za kutunga na leo zimeyeyuka. Angalieni bendi zilikuwa za nani. NUTA ya chama cha wafanyakazi. Vijana Jazz ya Umoja wa Vijana. UDA Jazz ya mabasi. Bima Lee ya Shirika la Bima. Mwenge Jazz ya jeshi. Mlimani Park ilianza chini ya kampuni ya umma ya teksi na usafirishaji, ikaja kuchukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la Dar, mwaka 1983. Vyombo vya mwajiri, mshahara wa mwajiri. Ukitunga wimbo ukumbi usiuelewe wiki ya kwanza, unaupiga wiki ya pili, ya tatu, mpiga tarumbeta anabadilisha kidogo anavyoingia, mwimbaji anapunguza ubeti, mwezi unaisha na mshahara uko palepale. Huo ndio muda uliozaa nyimbo mnazozililia. Wimbo ulikuwa unapikwa mbele ya watu.

Leo mgawo wa mwanamuziki unatoka kaunta usiku uleule. Baa imeuza, mnapata. Haijauza, mnapewa nauli. Kiongozi wa bendi akiona wateja wanaelekea getini kwa sababu ya wimbo mpya, anaona nauli ya watu kumi na mbili inatoka nje. Ataukata. Hata mimi ningeukata.

Halafu kurekodi. RTD, yaani Redio Tanzania, pale Barabara ya Pugu bendi ilikuwa inaingia yote studio, inapiga kwa pamoja. Tarumbeta akikosea dakika ya sita mnarudia wimbo mzima, na kila mtu anamwangalia yeye. Kwa hiyo ulikuwa unaingia umeiva. Studio nyingi za sasa ni chumba cha mtu mmoja na kipaza sauti kimoja; ukienda na ngoma, tumba, besi, gitaa tatu, upulizaji na waimbaji wanne, prodyuza anakuuliza kama mmekuja kwenye msiba. Ukifanikiwa kurekodi, redio inataka dakika tatu na nusu. Wimbo wetu chemko yake inaanza dakika ya nne.

Mdau wa Chang'ombe

Shikamoo mzee wangu. La mshahara na vyombo nakubali, nililipita haraka. La redio nina neno. Remmy Ongala alipotunga Mambo kwa Soksi, Redio Tanzania haikutaka kuupiga kwa sababu ulizungumzia kondomu waziwazi. Watu waliujuaje? Ukumbini. Ukumbi ulikuwa redio tosha. Sasa leo ukumbi wenyewe ndio unaokataa wimbo, na hapo ndipo narudi kwenye zile noti.

Mvita Damu

Nawasalimu kutoka Mombasa. Huku kwetu mambo yalikwenda kidogo tofauti, labda yatawafaa.

Them Mushrooms, wale ndugu wa ukoo wa Harrison waliotutungia Jambo Bwana, walichukua zilizopendwa wakaziunganisha moja baada ya nyingine, mapigo mapya, wakaziuza kama kazi yao, na zilivuma vibaya sana. Lakini hawakuacha kutunga. Zilizopendwa zilikuwa mlango wa kumwingizia mteja, akishaingia anapewa na nyingine.

Na msisahau kwamba wengi wa hao mnaowaita wakongwe walikuja huku kwa ajili ya rekodi. Ndugu wa Kinyonga walitoka Tanga, wakapita Arusha, wakaingia Nairobi na Simba Wanyika. Mwaka 1978 kikundi kikajitenga na kuwa Les Wanyika, na Sina Makosa ikatoka huko. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri, kwa hiyo aliyetaka sahani ilimbidi avuke mpaka Namanga. Ndiyo maana sisi hizo nyimbo tulikuwa nazo nyumbani, tunazijua kabla bendi haijafika mjini.

Hapo ndipo naona tatizo lenu. Watu hawakatai wimbo mpya, wanakataa wimbo wasioujua. Sauti Sol walipofanya maonyesho yao ya kuagana na mashabiki Nairobi, Novemba 2023, niliona kwa macho yangu: bendi kamili jukwaani, na nyimbo za albamu ya Midnight Train ya 2020 zikaimbwa na umati sawasawa na zile za mwanzo kabisa. Kwa nini? Kila mtu alikuwa ameishi na ile albamu miaka mitatu. Niambieni, bendi zenu kongwe zimetoa albamu gani mpya ambayo shabiki anaweza kwenda nayo nyumbani? Mimi ya dansi la Dar ninayoisikiliza kwenye gari ni juzuu ya 5 ya Zanzibara, mkusanyiko wa lebo ya Ufaransa ya Buda Musique, na rekodi zake ni za 1978 mpaka 1983!

Mzee wa Pambamoto

Hiyo ninayo, alinitumia mwanangu. Kumbe Mfaransa anatunza vyetu kuliko sisi.

Bi Mkunazini

Hamjambo wanangu. Nawasoma kutoka Unguja na nashangaa huko bara mnaonea haya wimbo wa zamani, kama umevaa nguo ya kuazima.

Nadi Ikhwan Safaa ipo tangu 1905. Hakuna anayeingia ukumbini akauliza mbona mnarudia. Bi Kidude, Mungu amrehemu, alifariki 2013, na maisha yake yote aliimba nyimbo za Siti binti Saad aliyeondoka 1950. Kuna aliyemwambia anakopi? Alikuwa anaitwa nchi za watu kwa nyimbo hizohizo. Wimbo mzuri hauna marehemu. Mwimbaji mpya akiupokea ni wake, alimradi aujue unavyokwenda.

Mnalolikosa nyinyi si wimbo mpya. Mnakosa kuwafundisha vijana. Chuo cha muziki cha Mji Mkongwe, DCMA, kimeanza 2002, na kimetoa vijana wanaopiga qanuni na udi ambao babu zao wangekaa wakawasikiliza. Siti and the Band wametoka humo. Itafuteni albamu yao, Fusing the Roots, ya 2018. Taarab imo, na wao wenyewe wamo. Nani anawafundisha vijana wa dansi kupiga rithim ya Msondo? Wanaokota ukumbini, wanaokota na makosa yake.

Na jambo jingine: njooni Sauti za Busara Februari, Ngome Kongwe. Pale ni laivu tupu, hakuna kupandisha CD ukafungua mdomo. Mzee anapiga, kijana anapiga, na wageni wanacheza wimbo wasioujua hata neno lake. Kwa hiyo kaka wa Mvita, na hilo lako la kujua wimbo kwanza lina kasoro.

Mvita Damu

Bi mkubwa, mgeni wa Ngome Kongwe amekata tiketi aje kusikia asichokijua. Yule wa baraghashia amekuja kusikia anachokijua. Ni wateja wawili hao.

Mtoto wa Ngamiani

Mmezunguka kote hakuna aliyegusa pesa za watunzi. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya 1999, hiyo iliyoleta COSOTA, taasisi ya hakimiliki, inalinda utunzi muda wote wa uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Sasa pigeni hesabu. Mbaraka Mwinshehe alifariki kwa ajali Mombasa 1979: nyimbo zake zina mwenyewe mpaka 2029. Marijani alifariki 1995: mpaka 2045. Shaaban Dede 2017: wajukuu zetu ndio watakaozipiga bure.

Kwa hiyo yule wa noti ya elfu kumi alilipia wimbo wa Marijani, si ndiyo? Elfu kumi ikaenda kwa kijana aliyeimba. Baa ikauza bia kwa mgongo wa wimbo. Familia ya mtunzi imepata nini? Bendi ikipiga utunzi wake yenyewe, angalau hela inabaki kwa aliyetokwa jasho. Mimi kwa hilo tu niko na mleta mada.

Mpiga Besi Mstaafu

Mwanangu wa Tanga umegusa donda. Ila jua na hili: ukisema "mtunzi" katika bendi unamaanisha nani? Mwimbaji analeta maneno na njia ya sauti. Anayetengeneza ile ingizo la gitaa ambalo watu wakilisikia tu wanapiga kelele ni mpiga solo. Sehemu ya tarumbeta ameipanga mwingine. Ile besi inayokukumbusha wimbo kabla maneno hayajaanza, ni mimi au mwenzangu, na jina letu halipo popote. Rekodi inasema jina la bendi, basi. Mkitaka kugawana vizuri mtagombana miaka hamsini hiyo hiyo.

Gurumo aliimba nusu karne. Mwaka 2013, ameshatangaza kustaafu, Diamond ndiye aliyempa gari. Nilifurahi na niliona aibu kwa pamoja, maana ilimbidi mtoto wa bongo fleva ndiye amkumbuke mzee wa dansi.

Mla Chipsi Mayai

Huku bendi ikiwa imemkumbuka kwa kupiga nyimbo zake kila Jumapili. Hela hamna, heshima ipo.

Mwana Ujiji

Kigoma hapa, tunaangalia ng'ambo ya ziwa. Franco wa Kongo alipofariki 1989 bendi yake ya TPOK Jazz ilijikongoja mpaka mwishoni mwa 1993, wanamuziki wakatofautiana na familia, wengi wakaondoka na kuanzisha Bana OK chini ya Simaro Lutumba. Walipiga za zamani, ndiyo, lakini walikuwa na watunzi hai ndani, Simaro mwenyewe, Josky, Ndombe. Waliingia studio wakatoa albamu. Bendi kongwe yenye mtunzi hai ni bendi. Isiyo naye ni jukeboksi yenye jasho.

Mzee wa Pambamoto

Hiyo ya jukeboksi umewatusi watu wanaosimama saa sita na magoti mabovu. Ifute.

Mwana Ujiji

Wazee wenye magoti siwasemi hata kidogo. Nasema viongozi wa bendi. Lakini sifuti.

Mdau wa Chang'ombe

Nimewasoma wote. Bi Mkunazini amenipa kazi ya kufikiri, maana Bi Kidude ni mfano mzito. Ila naona tofauti moja: Bi Kidude alipoimba ya Siti, ulimsikia Bi Kidude. Zile ngoma, ile sauti ya kukwaruza, hakuna aliyedhani anaigiza. Waimbaji wetu wanapewa Marijani na kuambiwa wamwige Marijani, mpaka kikohozi. Ukiimba kwa sauti yako mwenyewe unaambiwa umeharibu wimbo. Hilo nalo sisi mashabiki tunalisababisha.

Mzee wa besi, swali moja la kitaalamu. Kama bendi ingeamua kupiga nyimbo mpya mbili tu kila bonanza, zilezile mbili, miezi mitatu mfululizo, mlangoni pangeumia kiasi gani?

Mpiga Besi Mstaafu

Mbili zinabebeka, ila ujue pa kuziweka. Usiitangaze. Hapo ndipo vijana wanapokosea, wanasema "utunzi mpya" na watu wanapata ruhusa ya kwenda msalani. Piga wimbo ambao ukumbi mzima unacheza, ukifika mwisho usisimame. Ngoma na besi ziendelee, gitaa libadilishe, uingie wimbo mpya kwenye mwendo uleule. Watu watakuwa katikati ya sakafu tayari, nani atatoka? Wakishtuka wako kwenye kiitikio. Zamani tulikuwa tunafanya hivyo kwa nyimbo ambazo hatukuwa na uhakika nazo, na nyingine ndizo hizo mnaziita zilipendwa.

Na wewe mleta mada, ile noti ya elfu kumi ilikukera. Yako ilikuwa wapi? Yule kijana alipoanza wimbo wake ungepanda wewe kwanza ukambandika, jamaa wa baraghashia angekuta paji limejaa.

Mzee wa Pambamoto

Hapo amekupata.

Mdau wa Chang'ombe

Mzee, siku ile nilibaki na nauli tu.

Dogo wa Mbagala

Mi Jumapili nakuja na washkaji wanne, tutakaa mbele kabisa, huyo emsii wenu mpya akipanda tunampa elfu mbili mbili mpaka ajishangae. Ila swali. Kiingilio kinywaji, soda inahesabika?

Mpiga Besi Mstaafu

Inahesabika. Mje kabla ya saa kumi na moja, viti vya mbele vina wenyewe.

Mzee wa Pambamoto

Na mkifika mniambie ni meza ipi, nikae mbali. Nitakuwa na noti yangu, na mnajua nitaomba nini.